Spika Zenye Taa

Kila akirudi kutoka shuleni, Chiriku aliketi karibu na meza ya baba yake na kumsimulia aliyoyaona njiani: nani kavaa viatu visivyolingana, mbuzi wa nani katafuna daftari la nani, na jinsi jogoo wa jirani alivyomkimbiza polisi mtaa mzima. Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Majirani walimpachika jina la ndege huyo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Baba aliuhitaji mdomo huo. Tangu ugonjwa uyafunge macho yake, aliiona dunia kwa maneno ya binti yake.

Kazi ya baba ilikuwa kupiga chapa. Wakili mmoja alimletea mazungumzo yaliyorekodiwa, naye akayasikiliza kwenye kompyuta kuukuu huku vidole vyake vikikimbia juu ya kibodi. Zamani alitumia hedifoni, lakini sikio lilipoanza kutoa usaha, daktari alizikataza. Zikabaki spika mbili za plastiki zilizokuja na kompyuta. Moja ilikufa kimyakimya. Ya pili ilikoroma hivi kwamba shangazi, dada yake baba aliyeishi nao, aliapa kuwa panya wa darini wamehama kwa kukosa usingizi.

Baba alirudiarudia sentensi moja mpaka jasho likamtoka, na bado kazi ilirudi kwa wakili ikiwa na mapengo. Wakili akatoa onyo: mapengo yakionekana tena, atatafuta mtu mwingine. Nyumba ile ilikula kwa kazi hiyo. Hata Chiriku alijua.

Siku moja baba akamkabidhi akiba yake yote. "Nenda kwa fundi wa redio, mama. Ameniwekea spika mbili za mbao zilizotumika, pamoja na amplifaya ndogo ya kuzipa nguvu. Hakikisha anazijaribu kwa sauti ya mtu anayezungumza, sio muziki. Muziki una kelele nyingi, unaficha kasoro. Umenisikia?"

"Nimekusikia, baba."

Lakini kabla ya kufika kwa fundi, njiani palikuwa na mchuuzi aliyetandaza turubai. Juu yake zilisimama spika mbili nyeusi zenye taa nyekundu, kijani na buluu, zikipepesa kama macho ya jini aliyealikwa harusini.

"Njoo, dada mdogo! Inua uone mwenyewe!" mchuuzi alimwita. "Spika nyepesi ni debe tupu. Nzito ndiyo spika!"

Chiriku aliinua moja. Mikono ilimtetemeka kwa uzito. Hata watoto wa shuleni walisema spika nzuri ni nzito.

"Naomba uweke mtu anayezungumza," akasema.

"Mtu anayezungumza?" Mchuuzi aligeukia waliosimama pale. "Jamani, huyu kaja kununua spika au kutafuta mchumba?"

Watu wakaangua kicheko. Muziki ukafunguliwa, ardhi ikatetemeka, taa zikacheza. Chiriku, kwa aibu na kwa tamaa, akalipa.

Nyumbani, baba alizipapasa spika, akainua moja. "Lo, nzito! Fundi amezijaribu kwa mazungumzo?"

Chiriku akajishughulisha na nyaya. "Ndiyo, baba. Zimesema vizuri sana."

"Na amplifaya?"

"Imo humohumo ndani."

Spika zikawashwa. Nyekundu, kijani na buluu zikapita juu ya uso wa baba, naye hakupepesa hata ukope. Hapo ndipo Chiriku alipotambua kwamba amenunua taa kwa mtu asiyeona.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Sauti zilitoka kama za watu waliofungiwa ndani ya pipa. Baba aliinamisha kichwa, akasogeza kiti, akarudia. Chiriku, aliyezoea kusema mpaka usingizini, akawa bubu. Akiulizwa habari za njiani, alijibu, "Hakuna kitu."

Jioni moja alimkuta baba ameizima kompyuta. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya mapaja kama ya mgeni.

"Dada," baba alimwambia shangazi, "mpigie wakili. Mwambie aichukue kazi yake. Fundi amezijaribu spika, ni nzima. Basi kasoro ni yangu. Macho yalianza hivihivi, kidogo kidogo. Sasa ni zamu ya masikio."

Shangazi alijifuta mikono kwa kanga. Akachukua simu polepole.

"Usipige, shangazi!" Chiriku alipiga magoti mbele ya kiti cha baba. "Baba, masikio yako ni mazima. Sikufika kwa fundi. Nilinunua kwa mchuuzi, barabarani. Hazikujaribiwa. Nilizipenda kwa sababu zina taa."

Baba aliipapasa spika iliyokuwa karibu naye. "Taa," alisema mwishowe, na neno hilo lilimuuma Chiriku kuliko fimbo.

Kesho yake walikwenda wote kwa fundi. Alifungua skrubu, akacheka kicheko kisicho na furaha. Ndani mlikuwa na spika ndogo kama kifuniko cha chupa, na kando yake bonge la saruji lililogandishwa ili kuongeza uzito.

"Hapa mmenunua jengo," alisema. "Na zile nilizowawekea nimeshauza, nilidhani hamzitaki tena. Nina mbili zisizofanana, moja imechanika karatasi yake inayotikisika kutoa sauti. Msichana akiiziba mwenyewe na kunifagilia karakana kila Jumamosi, nitawapa na amplifaya."

Chiriku alikata karatasi nyembamba, akapaka gundi, akaziba ufa huku ameshika pumzi. Ilipokauka, fundi akaweka mtu anayezungumza. Baba aliinua kichwa ghafla. "Huyo ana mafua," alisema. Na kweli, msemaji alikuwa na mafua.

Nyumbani walizipandisha spika juu ya matofali hadi usawa wa masikio, wakazitenga na ukuta, wakazielekeza kwenye kiti. Kwa sababu ya mapengo ya siku zile, wakili alikuwa ameshampa mtu mwingine kazi kubwa, na haikurudi. Alibakiza rekodi chache fupi za kumjaribu baba. Safari hii zilirudi kwake bila pengo hata moja, naye akatuma nyingine. Walikaza mikanda kwa muda, lakini baba alirudi mezani.

"Baba, bado umekasirika?" Chiriku aliuliza.

"Pesa ziliniuma, zikapoa," alisema baba. "Lakini siku zile nilijiandaa kuwa kiziwi. Mwanangu, anayekutegemea anakuazima imani yake. Ukimdanganya, ataacha kujiamini mwenyewe kabla hajaacha kukuamini wewe. Kosa la kununua vibaya tungelitengeneza siku ileile kwa bisibisi. Uongo ndio uliolifanya ligharimu kazi."

Kisha akagonga meza. "Haya, niambie. Hizi spika zetu mpya zikoje?"

Chiriku alizitazama kwa makini. "Mbaya, baba. Moja kubwa, moja ndogo. Ile kubwa imekwaruzwa kama imepigana na paka, na kiraka changu kimekaa upande."

Baba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi. "Sasa naziona," alisema.