Dhahabu ya Mdomoni

Donge la unga lilikuwa limeng'atwa.

Fumie alilifunika mwenyewe kwa kitambaa, akaliweka karibu na jiko liumuke, akatoka kuanika nepi. Aliporudi na kufunua, akakuta pembeni pamemegwa tonge zima, na alama za meno zimebaki wazi kama muhuri. Si za panya. Zilikuwa za mtu mzima, tena mwenye mapengo: mawili mbele, moja pembeni.

Akamfikiria mama mkwe wake.

"Mama, umeonja unga wangu?"

"Unga mbichi? Nina wazimu?" Orpha Haskett alikuwa kwenye kiti chake dirishani, anafuma soksi. "Na ningeung'ata kwa nini? Meno yangu yamo kwenye bilauri, nenda kayaangalie." Akacheka kwa ufizi mtupu. "Muulize mumeo. Tangu utotoni huyo mkono wake hautulii jikoni."

Lakini Delmer alikuwa kazini tangu alfajiri, kwenye ghala la nafaka kando ya reli. Fumie akaikata ile sehemu, akawatupia kuku. Kuku wakaja mbio, wakausimamia ule unga, wakageuka wakaondoka.

Ilikuwa mwaka 1955, vuli, katika mji mdogo wa Harlow, magharibi mwa Nebraska. Delmer alikuwa mwanamaji, amepigana visiwani kipindi cha vita kuu, kisha akapangiwa Yokosuka, Japani, na huko ndiko alikokutana na Fumie. Harlow walimwita Faye, kwa sababu jina lake liliwashinda, naye akaitika. Baba yake Fumie aliungua kwenye mabomu. Delmer hakuwahi kumuuliza habari za moto ule, naye hakuwahi kumuuliza Delmer habari za visiwa. Ndivyo walivyoweza kulala kitanda kimoja.

Baada ya unga ikaja harufu.

Ilikuwa harufu ya kinywa. Kinywa cha mgonjwa wa siku nyingi asiyesafishwa, chenye jino bovu linalovuja usaha. Ilimjia Fumie akikanda, akichana nywele, akimbeba binti yao Nola, ambaye meno ya kwanza yalikuwa yanamsumbua. Orpha alijua mara moja pa kuitupia lawama.

"Ni zile figili zako za kwenye mtungi, mwanangu. Mimi sina neno na chakula cha kwenu, ila hizo zinanuka kama soksi za marehemu."

Fumie akautoa mtungi, akaupeleka bandani. Harufu ikabaki ndani. Akafua mapazia, akasugua sakafu kwa magadi, akamwaga maji ya moto kwenye karo. Akihama chumba, nayo inahama.

"Del, wewe huisikii?"

"Sisikii kitu," Delmer alisema. Lakini alikuwa ameanza kulia chakula chake nje, kwenye ngazi, ameupa mlango mgongo.

Jumapili, waliporudi kanisani, Orpha aliweka mezani chungu cha nyama ya kuoka. Alikuwa ameiandaa kwa mikono yake, mfuniko hakuufungua mtu. Akakaa, akavaa meno yake, Delmer akasali, Orpha akafunua.

Nyama haikuwamo. Yalikuwamo madonge ya kijivu, kila moja kiasi cha yai la njiwa, nyama iliyotafunwa nusunusu ikatemwa, iliyofumwa kwa nyuzi za mate yanayovutika kutoka donge hadi donge, na viazi navyo vimelambwa vikabaki na utelezi, na mchuzi umefanya povu jeupe kama kohozi. Na donge la juu kabisa, wakati bado wanalitazama, lilikuwa linabonyea taratibu katikati, kana kwamba kuna ulimi unalisukuma.

Orpha alitapika mezani. Meno yake ya bandia yalitoka pamoja na matapishi, yakatua kwenye kitambaa, naye hakuyaokota.

"Panya," Delmer alisema.

"Panya gani anayetema?" mama yake aliuliza, mkono mdomoni.

Fumie akaona kwamba mumewe haiangalii nyama. Alikuwa anaangalia kipande cha siagi kando ya chungu, nacho kina alama ya meno, na mapengo yake: mawili mbele, moja pembeni. Aliiangalia kama mtu aliyekutana na sura anayoifahamu.

Mchana ule Fumie alijilaza na mtoto. Nola alikuwa na mazoea: ufizi ukimwasha, alikivuta kidole cha mama yake mdomoni akaitafuna pete ya ndoa, kwa sababu dhahabu ni baridi. Akaitafuna mpaka usingizi ukamchukua. Fumie naye alikuwa anaelekea kusinzia aliposikia kwamba kutafuna hakujakoma. Akamtazama mwanawe: midomo imetulia, mashavu hayaendi, pumzi inapanda na kushuka. Sauti ilikuwa inaendelea ndani ya kiganja chake mwenyewe. Akakitoa kidole taratibu asimwamshe, akakisogeza sikioni, na pale ndani ya pete, baina ya dhahabu na ngozi, akasikia ulimi unatafutatafuta kwenye ufizi, unapita mahali penye shimo, unarudi, unanyonya, kisha pumzi ndefu yenye unyevu ikamgonga sikio, na harufu ile aliyoitafuta nyumba nzima kwa magadi na maji ya moto ikamwingia puani yote kwa pamoja, na ndipo alipoelewa kwamba siku zote hizi amekuwa akiibeba yeye, mkononi, akikandia mkate, akioshea mchele, akimtia mtoto mdomoni.

Aliivua kwa sabuni. Chini yake ngozi ilikuwa imetobolewa vitundu vidogo mduara mzima, vinachuruzika majimaji ya njano. Akaifuta pete kwa upindo wa nguo. Ikalowa. Akaifuta tena. Ikalowa tena, ute mzito, wa uvuguvugu.

Alimkuta Delmer bandani, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa.

"Del. Pete hii uliinunua wapi?"

"Yokosuka. Si nilikwambia?"

"Uliniambia San Diego."

Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega ya kubebea magunia, lakini pale juu ya ndoo alionekana kama amepunguzwa.

"Niliitengenezesha," alisema. "Kuna fundi wa meno jeshini, aliniyeyushia."

"Aliyeyusha nini?"

"Fumi, usiniulize."

"Mtoto alikuwa nayo mdomoni sasa hivi. Nakuuliza."

Ndipo akasema. Alisema akiangalia chini, bila kupamba. Watu wengi walifanya hivyo kule visiwani, walitembea na koleo mfukoni. Mjapani mmoja alikuwa amelala kwenye mdomo wa pango, amekonda ngozi imeshika mifupa, inzi wamemjaa. Kinywa kilikuwa wazi na dhahabu inang'aa.

"Nilidhani amekufa."

"Ulidhani."

"Mwanzoni nilidhani." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Nilipong'oa la kwanza alinishika hapa, kwenye kifundo. Hakuwa na nguvu hata za Nola. Nikaendelea."

"Alisema nini?"

"Neno moja tu, analirudia. Nilidhani ananitukana. Mada. Mada, mada. Nilipomaliza la tatu alikuwa amenyamaza."

Fumie alijishika kwenye nguzo ya banda.

"Halikuwa tusi. Maana yake, bado."

"Bado nini?"

"Bado. Bado sijafa. Alikuwa anakuomba umngoje."

Delmer akaukunja uso kama aliyeguswa kidonda. Nyuma yao mlango ulilia. Orpha alikuwa amesimama pale, shali mabegani, hana meno, na hakuna asichokisikia.

"Delmer. Ni kitu gani hicho umemvisha mwenzio."

"Ilikuwa vita, mama."

"Vita ilikutuma utengeneze pete ya harusi?"

"Dhahabu nilikuwa nayo kwenye kopo, siwezi kuitupa, siwezi kuiangalia. Nilitaka kitoke kitu kizuri humo." Akamgeukia mkewe. "Kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo ni wewe."

Fumie alitapika kwenye majani makavu. Kisha akaenda ndani, akamwamsha mtoto, akamsukutua kinywa kwa maji ya chumvi, ufizi wa juu na wa chini, tena na tena, mtoto analia naye hasikii, mpaka Orpha alipokuja akamshika mikono.

"Basi, mwanangu. Basi. Utamchubua."

Delmer alitaka kuichukua pete akaitupe mtoni. Fumie akakataa.

"Ulishamtupa mara moja. Ukimtupa tena, ataenda wapi?"

Akaiweka kwenye kikombe, akakifunika kwa kisahani. Muda wote walisikia kisahani kikigongagonga.

Bondeni kule kulikuwa na familia za Kijapani zilizolima viazi-sukari vya kukamuliwa sukari kiwandani tangu zama za babu zao, na kwa ajili yao alikuja kasisi wa Kibudha kwa treni kutoka Denver. Jina lake Ikejiri. Alikuwa mnene, ana mafua, na miaka ya vita aliimaliza kambini, nyuma ya seng'enge za Marekani, kwa kosa la sura yake. Fumie akampelekea ujumbe wenye habari yote. Akaja mchana, akavua viatu mlangoni, akasimama.

"Loo," alisema kwa Kijapani. "Mama, mnaishije humu?"

"Tunafungua madirisha."

Akaiweka pete juu ya kitambaa cheupe mezani, akawasha ubani, akaweka bakuli la wali, akaanza kusoma. Orpha, ambaye hakuwahi kuingia kanisa jingine zaidi ya la Methodisti, alikaa karibu na Fumie, amemshika goti. Sauti ya kasisi ilizunguka chini kwa chini, na wali ukaanza kusogea. Ulibonyea. Ukatoka alama za meno, chache, zenye mapengo, zikashika, zikateleza, zikashika tena. Tonge likanyanyuka kidogo, likaanguka likiwa na mate. Kisha chumba kikajaa mlio wa mtu aliyekwamwa kooni.

Kasisi aliacha kusoma, akapenga kamasi.

"Siwezi kumwondoa," alisema, safari hii kwa Kiingereza, wote wasikie. "Ana njaa, kila anachotia mdomoni kinamshinda. Anajaribu, anatema. Mtu huyu amekufa na njaa na bado anakufa nayo. Inabidi atafuniwe."

"Nitamtafunia mimi," Fumie alisema.

"Hapana, mama. Aliyeyachukua meno."

Delmer alikuwa amesimama ukutani. Alitoa kicheko kifupi kibaya. "Nitafune halafu niteme? Kama namlisha kinda?"

"Ndiyo."

"Siwezi. Mnisamehe. Siwezi."

"Tafuna, Delmer," mama yake alisema. Hakupandisha sauti.

Akakaa. Akatia wali mdomoni, akatafuna, macho ameyafumba, akautema kwenye kisahani mbele ya pete: uji mweupe, mzito, wenye povu. Akatia mwingine. Na pale mbele yao, mchana kweupe, jua limelala mezani, ule uji ukaanza kupungua kutoka pembeni, ukilambwa na kitu wasichokiona, mistari ya ulimi ikipita juu yake kwa haraka, kwa pupa, na harufu ikapanda kama mtu amefungua jeneza, na Delmer anatafuna na kutema na kutafuna, machozi na mate yanamtiririka kidevuni, naye hathubutu kupumzika kwa sababu kila akichelewa kisahani kinaanza kutetemeka, na juu ya vyote, karibu kabisa na uso wake, wakasikia mmezo: koo likifunguka, kitu kikishuka, koo likifunga.

Kisahani kikabaki kikavu, kinang'aa. Harufu ikakatika, ghafla, kama taa iliyozimwa. Fumie akasikia, kwa mara ya kwanza tangu vuli ianze, harufu ya nyumba yake: sabuni, kuni, maziwa ya mtoto.

"Kesho tena," kasisi alisema, akikunja kitambaa chake.

"Mpaka lini?" Delmer aliuliza.

"Mpaka ashibe."

"Huwa wanashiba?"

Ikejiri alizima ubani. "Pete nitaiweka hekaluni," alisema. "Mlo ni wako."

Akaichukua, akaenda. Wala haikusaidia kuwa haipo. Siku Delmer alipojaribu kuuacha mlo ule, walikuta madonge kwenye beseni la kumwogeshea mtoto. Basi ikawa kila jioni, kabla hajala chake, Delmer anakaa kwenye kona ya meza na kisahani. Fumie hakuondoka. Alihamia chumba cha Nola, akapika, akafua nguo zake, akazungumza naye habari za mvua na bei ya ngano. Ila alipompa kikombe alikiweka mezani, hakumpa mkononi.

Wakati wa theluji kisahani kilianza kukaa kitupu mlo mzima, kimetulia. Orpha akafurahi, akasema labda huyo maskini ameshiba. Fumie akamwangalia mumewe vizuri. Delmer alikuwa anatafuna, kinywa nusu wazi, kichwa kimeinuliwa kidogo, na shavu lake likawa linavimba na kusukumwa kutoka ndani, huku na huku, na mara kinywa kikawa kitupu, na koo lake halikuwa limesogea. Hakuwa akitema tena. Chakula kilikuwa kinafuatwa humohumo kinywani.

"Del," alimwita kwa sauti ya chini. "Anakuumiza?"

Delmer alitikisa kichwa kukataa. Akachukua tonge jingine, akalitia, akafumbua kinywa na kungoja.

Miaka ikapita. Orpha akazikwa. Nola akakua, mtoto mchangamfu mwenye maswali mengi, na wakati ulipofika akaalikwa nyumba ya jirani, siku ya kuzaliwa kwa binti yao. Fumie alimpeleka, akakaa naye. Walipewa kuku na viazi. Nola hakugusa chake. Alikuwa anamkodolea macho baba wa nyumba ile, bwana mcheshi mwenye mashavu mekundu, jinsi anavyotafuna, anavyomeza, anavyochota tena, mpaka yule bwana akaona, akamtania.

"Vipi, mrembo? Nimejipaka mchuzi puani?"

"Hapana," Nola alisema. "Unameza kila kitu. Wa kwenu atakula nini?"