Mkono Mmoja Kati ya Meli Mbili

"Yule pale Jörg."

Bi Hedwig alisema huku akipaka siagi mkate wake, kwenye mkahawa wa meli yetu. Mjukuu wake, Katrin, akashusha kikombe.

"Wapi, Bibi?"

"Kwenye meli ile nyeupe iliyofungwa mbele yetu. Kavaa kofia ya kijani."

"Bibi jamani, Jörg yuko Hamburg kikazi. Atatukuta Vienna. Harusi ni Jumamosi, umesahau?"

"Harusi sijaisahau. Nimesema tu, yule pale."

Katrin akageuka dirishani. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na gati la Passau tu, na mto Danubi uliopungua mpaka mawe ya kando yalikuwa nje. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la kahawa mkononi, sijui nimimine au niondoke. Ni mhudumu, jina langu Ilonka. Mwaka wa kumi na moja huu nawapelekea watu kahawa kwenye mto huu, na masikio yangu hayajawahi kwenda likizo.

Bibi alipokwenda kuchukua supu, Katrin akapiga simu.

"Kakuona tena," akanong'ona.

"Mara ya tatu mwezi huu, mpenzi," sauti ya kiume ikajibu. "Si nilikwambia? Akili inamtoka bibi wa watu taratibu. Zile fomu umesaini?"

"Bado. Moyo unaniuma, Jörg. Yeye ndiye aliyenilea."

"Ndiyo maana nataka atunzwe. Jumatatu tunampeleka. Kesho asubuhi nitakupigia, nikute umesaini."

Nilifuta meza ile ile mara tatu. Nilishawasikia wakizitaja: zilikuwa fomu za nyumba ya wazee. Siku mbili tu baada ya harusi, Bi Hedwig aingie huko, na maharusi wahamie nyumbani kwake Regensburg. Sikuipenda sauti ya yule bwana. Ilikuwa tamu mno kwa mtu aliyetoka kusikia bibi wa mchumba wake anaumwa.

Mchana Bi Hedwig aliniita pale mbele, penye viti vya jua.

"Ilonka, mwanangu, unaniona nimechanganyikiwa?"

"Hata kidogo, mama."

"Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Haya, mimi na wewe tuko sawa." Akacheka. "Ile meli nyeupe ni ya nani?"

"Ile inaitwa *Isolde*. Ilikwama siku tatu kule juu, maji hayakutosha. Ilitakiwa iwe imeshafika Vienna."

"Ahaa."

Akageuza kiti chake kuelekea mtoni.

"Unajua kwa nini naipenda safari hii? Nina miaka themanini na moja, magoti yamegoma. Lakini nalala hapa, naamka mji mwingine, sanduku sijalifungua mara ya pili. Yule mtoto pale anatambaa, wale maharusi wanalishana keki, na mimi kikongwe, wote tunabebwa sawasawa. Hakuna anayesubiriwa, hakuna anayeachwa nyuma." Akashika fimbo yake kwa nguvu. "Jumatatu wananifungia, mwanangu. Na kinachonitisha ni kwamba labda wana haki."

Nikamletea keki ya matofaa, kama vile keki ingesaidia.

Alhamisi asubuhi nilipeleka chai chumbani kwao. Fomu zilikuwa mezani, kalamu juu yake. Katrin alikuwa na macho mekundu.

"Saini, mjukuu wangu," Bi Hedwig alikuwa anasema. "Kama kweli naona watu wasiokuwepo, usingoje nikuaibishe mbele za wageni."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Saini."

Katrin akaichukua kalamu. Chumba kikaanza kuwa giza. Tulikuwa tumeingia lango la maji la Ybbs, pale ambapo meli mbili huingizwa ubavu kwa ubavu, milango ikafungwa mbele na nyuma, kisha maji yakateremshwa na meli zikashuka nayo katikati ya kuta za zege. Mpaka milango ifunguke, hakuna wa kutoka. Nje ya dirisha letu, umbali wa mkono mmoja, meli nyeupe ilijipanga. Dirisha la mbele yetu lilikuwa wazi kidogo, pazia limefungwa.

Simu ikalia, Katrin akaipokea kwa spika, kalamu mkononi.

"Umesaini, mpenzi?"

"Nasaini sasa hivi. Uko wapi?"

"Ofisini. Hamburg mvua tu. Naingia kikaoni."

Nje, spika ya *Isolde* ikapaza sauti: "Abiria wapendwa, tunashuka langoni. Tafadhali msitoe mikono nje."

Kalamu ikasimama. Maneno yale yale, *msitoe mikono nje*, yalikuwa yametoka pia ndani ya simu.

"Jörg, nani anatangaza hapo?"

"Redio tu."

"Redio ya Hamburg inawaambia watu wasitoe mikono nje?"

Bi Hedwig hakungoja jibu. Alisukuma kioo chetu, akanyoosha fimbo, akagonga dirisha la pili. Ko, ko, ko.

Pazia likafunguliwa na mwanamke mwenye nywele mbichi, taulo begani.

"Vipi, mama? Kuna tatizo?"

Nyuma yake alisimama mwanamume, simu sikioni. Kofia ya kijani ilikuwa kitandani.

"Samahani, binti," akasema Bi Hedwig. "Tulikuwa tunaulizia hali ya hewa ya Hamburg."

Mwanamke akageuka, akamtazama mwanamume, akaturudia sisi.

"Mnamfahamu mume wangu?"

"Mume wako?" Sauti ya Katrin ilikuwa ndogo sana.

"Miaka tisa sasa. Safari hii ndiyo tunasherehekea. Naitwa Gundula. Na wewe?"

"Katrin. Mimi anatakiwa anioe keshokutwa, Vienna."

"Keshokutwa?" Gundula akashika fremu ya dirisha. "Jörg, keshokutwa si uliniambia una kikao Vienna?"

"Ndicho hicho kikao," akasema Bi Hedwig.

Jörg akasogea mbele, anatabasamu.

"Gundula, usiwasikilize. Huyu mama ni mgonjwa wa akili. Anaona watu wasiokuwepo, na mjukuu wake kaathirika naye. Muulize! Fomu za kumpeleka nyumba ya wazee anazo hapo."

Gundula akamtazama Katrin.

"Ni kweli unazo?"

Bi Hedwig naye akamtazama. Alionekana mdogo ghafla. Maji yaliendelea kushuka, na ukuta ulipanda taratibu juu ya vichwa vyetu.

"Ni kweli ninazo," Katrin akasema. Akaziinua. "Bibi alikuona mara tatu mwezi huu, Jörg. Mara zote tatu ulijua kaona kweli. Hukuwa unamtafutia matunzo. Ulikuwa unamfungia shahidi."

Akazichana pale pale. Kisha akavua pete, akatoa mkono nje, bila kujali lile tangazo, akaiweka kiganjani mwa Gundula.

"Mrudishie. Mimi siwezi hata kumgusa."

Jörg alitazama mlango, akatazama dirisha, akaangalia juu. Kuta tu. Gundula alivuta kiti, akakaa mbele ya mlango wa chumba chao.

"Tuna dakika kumi mpaka lango lifunguke," akamwambia. "Anza na Jumamosi."

Pazia likafungwa.

Mwanga uliporudi, Katrin alikuwa amepiga magoti, kichwa mapajani mwa bibi yake, analia kwa sauti.

"Nisamehe, Bibi. Uliona. Uliona kila kitu."

"Niliona," Bi Hedwig akasema, akimpapasa nywele. "Lakini nilishaanza kujiogopa, mjukuu wangu. Usiku nilikuwa nahesabu majina yenu nisije nikayasahau. Hilo ndilo sitamsamehe."

Nilijifanya napanga vikombe, huku nalia.

"Ilonka," akaniita. "Jumatatu meli hii itakuwa wapi?"

"Budapest, mama."

"Basi niandikeni abiria mpaka Budapest."