Wa Kuitikia Jina la Sibomana

Ferdinand aliingia soko la Virunga kumtafutia mama yake kitenge, suruali imenyooshwa kwa pasi kupita kiasi. Muuzaji, Héritière, alikuwa na macho ya kucheka na blauzi ya njano iliyomkaa vizuri. Ferdinand akachagua kitenge kimoja, akamwomba ajifunge, aone kitakavyompendeza mama yake.

"Mama yako iko na kiuno sawa yangu?" akauliza Héritière.

"Apana. Lakini mimi niko na macho."

Basi wakapendana. Kila jioni ni simu: chéri umekula, chéri lala salama. Ferdinand alikuwa mlinzi wa mbuga, na Héritière alilipenda hilo, kwa kuwa kaka yake Sibomana naye alikuwa mlinzi, akauawa na majangili karibu na Vitshumbi. Mwenzake wa zamu alikimbia akamwacha. Jina la mwenzake huyo familia haikuambiwa, na Héritière alikuwa ameapa kwamba siku akimjua, atamlipizia kisasi mbele ya watu.

Siku Ferdinand alipokaribishwa kwao, aliona picha ya Sibomana ukutani, ndipo akajua Héritière ni dada ya nani, chakula kikamshinda. Tangu hapo simu zake zikawa fupi. Héritière alidhani kuna mwanamke mwingine, akamuuliza Benny, mlinzi mwenzake Ferdinand. Benny akamweleza ukweli wote: aliyekuwa zamu na Sibomana siku ile ni Ferdinand.

Mimi ningevunja vyombo. Héritière alinawa uso, akampigia simu kwa sauti tamu. "Chéri, kesho kutwa ni siku ya kukumbuka walinzi. Utanisindikiza Rumangabo?"

Siku hiyo, huko Rumangabo kwenye makao ya walinzi wa mbuga, majina ya walinzi waliouawa huitwa moja moja, na mtu wa familia huitikia, "Tuko naye." Jina la Sibomana halikuwahi kuitikiwa. Mama yake alikataa kabisa, maadamu aliyemwacha mwanawe anajificha.

Jua lilikuwa kali, walinzi wamejipanga kwa magwanda ya kijani, wajane kwa vitenge vyeusi. Jina la Sibomana likaitwa. Héritière akamshika Ferdinand mkono, akamvuta hadi mbele ya mama wa Sibomana.

"Itikia weye," akasema. "Na useme sababu gani ni weye."

Alimwona Ferdinand akiwatazama walinzi wenzake waliojipanga, na alifurahi, tena sana.

"Mama," Ferdinand alisema, watu wote wakisikia, "ni mimi nilimuachaka. Nilikimbia juu ya woga. Aliniita, sikurudi." Kisha akaitikia: "Tuko naye."

Mama akageuza uso.

Baadaye, nyuma ya magari, Ferdinand alivua kofia, akamwambia Héritière anaelewa kwamba wameachana.

"Nani alikuambia? Nilitaka kukuchukia, imenishinda. Lakini sijakusamehe. Utanioa, na kila mwaka utasimama mbele ya mama, utasema vile umesema leo."

"Hiyo ni ndoa ao ni kisasi?"

"Ni vyote viwili. Unakubali?"

Ferdinand aligeuka akamtazama mama, aliyekuwa bado amekaa peke yake juani. "Nakubali," akasema, na Héritière akamkamata mkono kwa nguvu hadi ukamuuma.