Seli Zilizojificha

Dada na mdogo wake walikuwa madobi. Kanuni yao ilikuwa moja: nguo ambayo mwenyewe hajailalamikia, usiichokonoe. Hata miili yao waliitunza vivyo hivyo. Pasipouma, hapana ugonjwa.

Sasa Dada alikuwa amelala chumba cha nyuma, amebaki mifupa na macho. Saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshaenea. Mdogo wake alipiga pasi huku machozi yakidondokea kola za watu.

Muuguzi wa zahanati alipoleta dawa ya maumivu, mdogo alimkabili.

"Mwili si una askari? Walikuwa wapi?"

"Walikuwepo," muuguzi akasema, akikaa juu ya furushi la mashuka. "Seli za kinga huzunguka zikikagua. Kila seli huonyesha kwa nje vipande vya yaliyomo ndani. Ikiwa imeingiwa na kirusi, au imeharibika, seli ya kinga huishika, huitoboa na kuitia sumu inayoiamuru ijiue. Jirani yake haguswi."

"Basi mbona wamemwacha dada yangu?"

"Kirusi kinacholeta saratani hii wanawake wengi hukipata, na kinga hukimaliza kimyakimya. Lakini mara nyingine seli mbovu huficha alama zao. Askari hupita, wasishtuke. Nazo huongezeka miaka na miaka, bila maumivu. Ndiyo maana tunapima mapema, tuziondoe kabla hazijawa saratani. Wewe umepima?"

"Siumwi."

"Na mimi nilisema hivyo hivyo," sauti ya Dada ikatoka chumba cha nyuma.

"Dada, nikijua nitafanya nini? Nife mara mbili?"

"Mara moja inatosha, mdogo wangu. Niulize mimi. Nenda, usinitie uchungu wa pili."

Alikwenda huku amekata tamaa. Zahanati wakamkuta na seli zisizo za kawaida kwenye mlango wa kizazi.

"Bado si saratani," muuguzi akamwambia, na siku hiyo hiyo wakaziua kwa kuzigandisha kwa baridi kali.

Aliporudi, Dada hakuweza tena kuinua kichwa. Mdogo akamweleza yote sikioni.

"Vizuri," Dada akanong'ona. "Nilihofia tutaondoka wote, wateja waje kutudai suruali zao kaburini."

Wakacheka. Wiki ile ile Dada akafariki.

Mwaka uliofuata mdogo alipimwa tena, akakutwa salama. Alitoka zahanati mbiombio kwenda kumwambia Dada, hadi alipokumbuka. Akasimama katikati ya njia, mzima wa afya, akilia.