Nusu Jagi kwa Mama Mkwe

Haya yalimkuta rafiki yangu Notburga, huku kwetu milimani Tirol. Jioni ya Siku ya Marehemu huwa tunawaachia mezani maziwa baridi, ili walioko toharani, wanakotakaswa kwa moto kabla ya kuingia mbinguni, waje wapoze majeraha. Alfons, mumewe, alimwomba apeleke jagi kwenye nyumba ya mama yake, aliyezikwa mwezi wa tano.

"Nusu inamtosha," Notburga alisema. "Mama alikuwa mtu wa rozari."

"Na wa ulimi pia. Jaza, mke wangu."

Akacheka, akapeleka nusu.

Nyumba ilikuwa giza, na jiko halikuwashwa tangu mazishi. Alipomimina maziwa kwenye bakuli lililokuwa mezani yakalia chwaa, kama chuma cha moto kikitumbukizwa majini. Akapapasa. Bakuli lilikuwa kavu, lina joto. Akamimina tena, yakalia vilevile, na ng'ambo ya meza mtu akashusha pumzi. Akamimina mpaka tone la mwisho.

"Mama, yamekwisha," alinong'ona. "Nisamehe."

Akasikia bakuli tupu likiburuzika juu ya meza, taratibu, mpaka likagusa vidole vyake.