Kigae Kilichochaguliwa kwa Kiganja

Siku hizo Mshonaji alikuwa akishona kwa sikio moja tu. Sikio la pili lilikuwa bafuni.

Kila mama mkwe wake alipoinuka kitini, mguu wa Mshonaji uliacha kukanyaga cherehani. Alisikia fimbo ikigonga sakafu ya sebuleni. Ko, ko, ko. Kisha mlango wa bafu ukafunguka. Kisha kimya. Sindano ilisimama katikati ya mshono, naye akangoja.

"Mama, u mzima huko?"

"Mzima, mwanangu. Shona nguo za watu."

Akasikia tena fimbo. Ndipo aliposhusha pumzi.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwao baada ya magoti kumlegea. Mwanawe, Seremala, mume wa Mshonaji, alifurahi kama mtoto. Bafu lao, ambalo ndilo choo pia, lilikuwa na sakafu ya saruji iliyobanduka. Akaapa kwamba mama yake hatakanyaga sakafu ile. Akaenda dukani kununua vigae.

Sasa, seremala ni seremala hata akiwa kwenye duka la vigae. Hakumuuliza muuzaji neno. Alipitisha kiganja juu ya kila kigae, vile anavyopitisha juu ya meza aliyoimaliza kupiga msasa. Kilichomparuza kidogo alikirudisha. Akachukua kile laini kuliko vyote, cheupe, kinachong'aa hata unaona meno yako ukicheka. Akavibandika mwenyewe, kuta zote na sakafu. Majirani walikuja kutazama bafu kama wanatazama bibi harusi.

"Hili ni bafu au kioo?" aliuliza mama mkwe. Wote wakacheka.

Kicheko hakikudumu. Asubuhi moja Mshonaji alisikia kishindo kidogo, kisha fimbo ikaanguka. Alikimbia. Alimkuta mama mkwe ameng'ang'ania kitasa cha mlango kwa mikono miwili, mguu mmoja umekwenda mbele peke yake, uso umepauka.

"Sijaanguka," alisema mama mkwe kabla hajaulizwa. "Na mwanangu asisikie. Amenifanyia kwa mapenzi. Ukimwambia utamvunja moyo."

"Lakini mama..."

"Nimesema asisikie."

Mshonaji akaificha siri. Lakini mikono yake haikukaa. Alidhani sakafu ina uchafu, akaisugua kwa sabuni nyingi ya unga. Ikateleza zaidi. Akashona zulia dogo la vipande vya vitambaa, akalitandika mlangoni. Alipolikanyaga yeye mwenyewe kujaribu, zulia liliondoka naye kama limeitwa mahali. Alijigonga kiwiko ukutani. Akalikunja zulia, akalificha chini ya kitanda.

Kisha akaona jambo lingine. Kikombe cha chai cha mama mkwe kilibaki kimejaa. Mchana, bilauri ya maji ilibaki imejaa. Jioni vilevile.

"Mama, hunywi?"

"Sina kiu."

Midomo yake ilikuwa imekauka, imepasukapasuka. Mshonaji alimtazama siku ile na iliyofuata. Mama mkwe alikuwa akilowesha ulimi tu. Ndipo Mshonaji alipoelewa. Asiyekunywa haendi chooni. Mama alikuwa anajinyima maji ili asikanyage vile vigae.

Siku iliyofuata, wakiwa mezani kwa chakula cha mchana, mama mkwe aliinuka akayumba. Seremala alimdaka begani.

"Mama! Una nini?"

"Kizunguzungu kidogo tu."

Mshonaji hakuweza tena. "Ana kiu, baba watoto. Hanywi maji kwa sababu anaogopa kwenda bafuni. Sakafu inateleza. Juzijuzi nusura aanguke."

"Sakafu yangu?" aliuliza Seremala.

"Inateleza."

"Vigae vile ni vizuri kuliko vyote dukani! Ni hizo sabuni zenu. Mnamwaga povu kama mnafua mahema."

"Hodi!" sauti iliita mlangoni. "Nimekuja kuchukua suruali yangu, nikakuta vita."

Alikuwa jirani yao, mwanamke fundi wa vigae. Watu walimwita Gongagonga, kwa sababu hakuweza kuingia nyumba yoyote bila kugonga sakafu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Suruali yake ya kazi ilikuwa ikichanika magotini kila mara, na Mshonaji ndiye aliyeitia viraka.

"Karibu, dada," alisema Mshonaji. "Wewe ndiye fundi. Hebu liangalie bafu letu."

"Halina kosa," alisema Seremala.

"Basi halitaogopa kuangaliwa, shemeji."

Walikwenda wote. Mama mkwe alibaki mlangoni, ameshika fremu. Gongagonga alipiga magoti. Akagonga kigae kimoja, kingine, kingine. Sauti ilikuwa nzito. Kwenye kona moja sauti ikawa ya wazi, kama kugonga debe tupu.

"Hapa chini hapana gundi," alisema. "Pako wazi. Mtu mzito akikanyaga, kigae kitapasuka. Lakini hilo dogo. Umebaki na kigae kizima?"

Seremala alileta kimoja. Gongagonga alikigeuza mgongo, akadondoshea maji kidogo. Maji yakanywewa papo hapo, likabaki doa.

"Umeona? Mgongo wake unakunywa maji kama sponji. Vigae vingi vya namna hii ni vya ukutani. Ni vyepesi, havikutengenezwa kubeba watu. Cha sakafuni ni kigumu, na mgongo wake haunywi maji kwa pupa hivi. Maboksi mengi yana mchoro. Mchoro wa mkono, kigae cha ukutani. Mchoro wa mguu, cha sakafuni. Kama hakuna mchoro, muulize muuzaji."

"Mimi nilikipima," alisema Seremala. "Nilikipapasa chote. Hakina hata kasoro."

"Ulikipapasa kwa kitu gani?"

"Kwa kiganja."

"Kwa hiyo mama atatembea bafuni kwa viganja?"

Mshonaji aliuma mdomo asicheke. Seremala hakucheka.

"Meza huipapasa kwa kiganja," Gongagonga aliendelea taratibu. "Sakafu ya bafu hupimwa kwa unyayo, tena unyayo uliolowa. Ukiwa dukani, omba kigae, kiweke chini, kimwagie maji, ukikanyage. Kikikuparuza kidogo, hicho ndicho. Sasa vua viatu, shemeji."

Alivua. Gongagonga alichota maji kwa kopo, akamwaga sakafuni. Maji hayakwenda kwenye tundu la kutolea maji. Yalituama katikati, yakimeremeta.

"Na mteremko hakuna," alisema. "Haya, ingia. Simama hapo kwa mguu mmoja, kama mama anavyosimama akinawa miguu."

Seremala aliingia. Alisimama katikati ya maji. Akatazama kuta zake nyeupe, akatazama kona ya sinki ilivyochongoka. Vidole vya miguu yake vilijikunja, vikitafuta pa kushika. Hakuinua mguu.

Kisha mama mkwe akazungumza kutoka mlangoni.

"Mwanangu, bafu lako ni zuri. Linanitisha."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unaliangalia kwa fahari mno, mwanangu."

Seremala alitoka polepole, ameshika ukuta. Akakaa chini sebuleni na miguu yake iliyolowa. "Nimemwekea mama yangu mtego," alisema.

"Acha hayo," alisema Gongagonga. "Kigae hakina kosa, kiko pasipo pake. Cha ukutani kibaki ukutani, hapo kinafaa sana, uchafu unafutika kwa kitambaa tu. Sakafu tutaibomoa. Tutaweka mteremko maji yakimbilie kwenye tundu. Kisha vigae vidogovidogo vinavyoparuza. Vikiwa vidogo, mianya inakuwa mingi, na ile mianya inasaidia mguu ushike. Na karibu na choo na pa kuogea, weka bomba la chuma la kujishikia. Lifungwe kwa skrubu ndefu mpaka ndani ya ukuta, si kwenye kigae peke yake. Hapo mwenye bisibisi ni wewe."

"Na leo?" aliuliza Mshonaji. "Leo atakwenda vipi?"

"Leo maji yote yakaushwe kwa dekio. Povu lisuuzwe, lisibaki hata kidogo. Avae kandambili za mpira zenye meno chini, zilizokwisha usimpe. Aoge amekaa kwenye kiti kizito. Na mmoja wenu awe naye." Alimgeukia mama mkwe. "Na wewe, mama, unywe maji sasa hivi. Kizunguzungu nacho kinaangusha."

Mama mkwe alikunywa bilauri nzima, kisha Mshonaji akampeleka bafuni, mkono chini ya kwapa, hatua kwa hatua.

Kazi ilifanywa na wawili. Seremala alivunja, Gongagonga akabandika. Kila alipomaliza safu alimwita, "Shemeji, njoo usikilize," naye akapiga magoti akagonga kigae mpaka akasikia sauti nzito kote. Vigae vyeupe vilivyobaki havikutupwa. Vilibandikwa ukutani nyuma ya jiko, mafuta yaliporuka yakawa yanafutwa kwa kitambaa. Sakafu mpya ilikuwa ya kijivu, haing'ai. Jirani mmoja alisema imekuwa kama uwanja wa soko.

"Ndiyo," alijibu Seremala. "Ingia na miguu iliyolowa, kisha uniambie habari za uwanja wa soko."

Baada ya gundi kukauka kabisa, mama mkwe aliingia bafuni. Mshonaji alitaka kumfuata.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema, akafunga mlango.

Maji yakasikika. Yakasikika sana. Mshonaji alimaliza kushona mkono wa gauni, akaanza wa pili. Seremala alikuja akiwa na taulo begani, akasimama mlangoni, akabadilisha mguu, akabadilisha tena.

"Mama, bado?"

"Bado."

"Mama, nachelewa kazini!"

"Kaogee kwa Gongagonga," sauti ilijibu kutoka ndani. "Huku kuna mtu anaoga kwa raha zake."