Sauti Nje ya Banda la Kungumanga

Haya yalimkuta rafiki yangu Yulin, wa pwani ya kisiwa cha Siau. Mchana mmoja alikwenda na mumewe, Alpius, kuanua kungumanga. Mlima wa volkano wa kisiwani ukanguruma, majivu yakafunika jua, giza likawa totoro. Wakajifungia katika banda la kukaushia.

Mara panga likaanza kuupasua mlango kutoka nje. “Yulin, fungua! Nakufa huku!” Ilikuwa sauti ya Alpius.

Lakini Alpius mwenyewe alikuwa mle ndani, kando ya Yulin. “Usimjibu, mke wangu,” alinong'ona. Akalichomeka panga lake kwenye ufa, akasukuma kwa nguvu zote. Likazama kwenye nyama. Sauti ya mumewe ikapiga yowe huko nje, kisha kimya.

Jua liliporudi, Yulin alifungua. Majivu yalikuwa yametandazika, hayana hata unyayo mmoja. Mlango, kwa nje, ulikuwa ukichuruzika damu mbichi.